Kutoka Misindano ya Mafinga Hadi Mipingo ya Kilwa: Siku Kumi Nikifuata Mbao za Nyumba ya Mama

Haya nimeyaunga nyumbani, kutoka kwenye daftari lililoloa kurasa mbili na picha za simu. Bei zote ni za Juni 2024, na ni zile nilizolipa mwenyewe.

Safari ilianzia kwa Mama, Mkuranga. Kuta za nyumba yake zilifika kwenye lenta mwaka jana, na fundi akatuandikia orodha: kenchi na papi za kubebea paa, za paina zenye dawa, kisha fremu na milango ya mninga. Mama akaisoma akauliza, "Kama mninga ni mzuri, si upande hadi juu? Na kama paina inafaa, mbona mnanitafutia milango yenye bei ya ng'ombe?" Fundi akamjibu kwamba mninga ni mbao ngumu na paina ni mbao laini. Mama akakunja karatasi akaitia kwenye pindo la khanga, na nikajua hakuridhika.

Mimi nafundisha baiolojia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba kuna mimea yenye mbegu uchi, kama msindano, ndio huohuo paina wa dukani, na mimea ya maua ambayo mbegu zake hukaa ndani ya tunda. Miaka kumi na mmoja nimeandika hivyo, na sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba mgawanyo huohuo ndio uliopanga mbao dukani: ya mbegu uchi ni mbao laini, ya maua ni mbao ngumu. Shule zilipofunga Juni nikachukua lenzi ya mkono ya maabara, koti na akiba yangu, nikaondoka.

Jumamosi, 8 Juni: Dar hadi Mafinga

Basi lilitoka stendi ya Mbezi saa 12 na nusu asubuhi, nauli shilingi 38,000. Hadi Mikumi sina cha kusimulia zaidi ya twiga wawili na usingizi.

Baada ya Mikumi barabara inashuka kwenye bonde la mibuyu, na hapo ndipo somo langu la kwanza lilipoanza bila mwalimu. Jirani yangu kitini, kijana anayeuza vipuri Makambako, aliona nachora akaniuliza nachora nini. Nikamwambia nataka kujua mbao ngumu na mbao laini. Akanyoosha kidole dirishani: "Basi huu ndio mgumu kuliko yote, tazama unene wake." Kumbe kwa hesabu ya mimea yuko sahihi na kwa hesabu ya seremala hayuko. Mbuyu ni mti wa maua, una tunda na majani mapana, kwa hiyo unaandikwa kwenye ukoo wa miti ya mbao ngumu. Lakini shina lake limejaa maji na nyuzi kama sponji. Ukilikata na kulikausha linasinyaa. Hakuna anayepasua mbao za mbuyu. Msufi nao ni wa ukoo huohuo, na ni mwepesi mno. Nikaandika daftarini kwa herufi kubwa: jina linataja ukoo, halitaji ugumu.

Ruaha Mbuyuni tulisimama dakika ishirini. Wali maharage shilingi 3,000, na kila abiria akapanda na mfuko wa vitunguu. Kisha mlima wa Kitonga. Lori moja lilikwama kwenye kona tukakaa saa mbili na robo bila kusogea. Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya chai aligawa kwa kifuniko, kifuniko kimoja kwa watu wanne, na hakuna aliyerukwa. Tulifika Mafinga saa 3 usiku. Baridi ilinipokea mlangoni mwa basi. Gesti shilingi 25,000, mablanketi mawili. Niliomba la tatu nikapewa bila kuongezwa bei.

*Kwa atakayefuata: Mafinga iko juu sana, na Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Khanga na sweta jepesi havitoshi.*

Jumapili, 9 Juni

Nilizunguka mjini. Kila upande mbao: zimepangwa kandokando ya barabara, zimepandishwa kwenye fuso, zimelazwa kwenye mikokoteni. Hewa ina harufu ya utomvu. Jioni nilikula ugali na njegere kwa mama lishe mmoja (shilingi 2,500), naye akinisalimu "Kamwene" nami nikijibu "Kamwene" hadi akacheka kwa furaha akaniongeza mchuzi. Ndiye aliyeniunganisha na shemeji yake, mzee aliyefanya kazi ya kupogoa misindano tangu ujana wake.

Jumatatu, 10 Juni: Shamba la Sao Hill

Usiingie shambani kimyakimya. Sao Hill ni shamba la miti la serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mgeni anapita ofisini kwanza kueleza shida yake. Nilisubiri saa moja na nusu, nikaruhusiwa. Bodaboda ya kwenda, kusubiri na kurudi: 20,000.

Ni vigumu kueleza ukubwa wake. Eneo lote linapita hekta 130,000, ukihesabu na misitu ya asili iliyoachwa. Majaribio ya kupanda yalianza 1939, na upandaji mkubwa ukaja miaka ya 1970. Unatembea kati ya mistari ya misindano na ukimya wake si wa msitu wa kawaida. Ndege ni wachache, na chini pamejaa sindano za kahawia zinazomeza mlio wa viatu.

Mzee alinionyesha kila hatua kwa mkono. Miche inapandwa kwa nafasi. Matawi ya chini yanapogolewa ili mbao isije na vifundo. Miti dhaifu inapunguzwa ili iliyobaki inenepe. Kati ya miaka 18 na 25 unavunwa. "Nimepanda mti, nimeupogoa, nimeuona ukianguka," alisema. "Mninga huwezi. Mninga anaupanda babu, anaukata mjukuu."

Kwenye kisiki kibichi nilitoa lenzi. Nilichokiona nilikuwa nakifahamu kwa michoro tu. Msindano hauna matundu. Kazi zote mbili, kupandisha maji na kuusimamisha mti, zinafanywa na seli za aina moja, ndefu na nyembamba, zilizopangwa kama mirija ya kunywea soda iliyobanwa pamoja. Hapa na pale kuna njia za utomvu zinazong'aa. Kisha mzee akanikatia kipande cha mkaratusi kutoka ng'ambo ya barabara. Huo una matundu dhahiri kati ya nyuzi, kama mkate uliochomwa kwa sindano. Mti wa maua umegawanya kazi: mishipa mipana ya maji upande wake, nyuzi nene za kubeba uzito upande wake. Ndiyo tofauti yenyewe. Nilikaa pale chini nikiwapitishia lenzi mzee na kijana wa bodaboda kwa zamu, na kijana akasema amebeba magogo haya miaka sita bila kujua kuna kitu ndani.

Urefu wa zile seli za msindano una faida nyingine. Zinafika milimita tatu na zaidi, huku nyuzi za miti ya maua nyingi zikiwa karibu milimita moja. Ndiyo maana karatasi ya kahawia ya mifuko, ile isiyochanika ukiivuta, hutengenezwa kwa msindano, na ndiyo maana kiwanda cha karatasi kilijengwa Mgololo, wilaya hiihii ya Mufindi.

Jumanne, 11 Juni: Dingidongi na nguzo

Dingidongi ni mashine ndogo za kupasulia magogo zinazohamishika. Ukisikia mlio wake utajua jina lilikotoka. Vijana wanne wanaisukumia gogo, na mbao za mbili kwa nne zinatoka upande wa pili zikiwa bado zimelowa. Mmiliki, kaka mmoja mwenye subira, alinieleza kwamba hapa ndipo mbao nyingi zinapoharibikia. Paina ikipandishwa kwenye lori mbichi, inafika Dar ikiwa na madoa ya bluu ya ukungu na imepinda kama upinde. Ikipangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite, wiki kadhaa, inakaa sawa.

Mchana nilikwenda kwenye kiwanda cha kutia dawa. Magogo marefu ya mkaratusi yanaingizwa kwenye tangi la chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa nguvu hadi ndani. Hizi ndizo nguzo za umeme tunazoziona barabarani. Ni mkaratusi kwa sababu unakwenda juu umenyooka, una nguvu, na unakua haraka kuliko hata msindano. Hapo Mama angeuliza tena: mti wa mbao ngumu unakuaje haraka kuliko wa mbao laini? Lakini ndivyo. Mkaratusi ni mti wa maua, tena una haraka. Viwanda vya chai vya Mufindi vinauchoma kukaushia majani.

Mbao za kenchi zinapitia tangi hilohilo na kutoka na rangi ya kijani. Dawa iliyokuwa ikitumika pale ina shaba, kromi na aseniki. Nilipoandika neno la mwisho mkono ulisimama. Jirani yetu Mkuranga aliezeka mwezi wa nne, na mabaki ya kijani ya kenchi zake yalikuwa yamejaa kwenye jiko la kuni la Mama. Nilitoka nje ya uzio nikampigia palepale. "Mama, zile mbao za kijani usizichome. Wala majivu yake usiyatie kwenye mchicha." Akanyamaza kidogo. "Tumepikia maharage jana," akasema. Nikamwomba azitoe zote, azirundike mbali na kuku, nitakuja kuzishughulikia. Sikulala vizuri usiku ule.

*Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika hapa: mabaki ya mbao zenye dawa si kuni. Moshi wake na majivu yake yana sumu. Waambieni mafundi, waambieni na watoto wanaookota vipande kwenye majengo.*

Jumatano na Alhamisi, 12 na 13 Juni

Kurudi Dar, saa kumi na tatu barabarani. Alhamisi asubuhi nilipita Mkuranga, nikafukia mabaki yale mbali na kisima na bustani, nikafua nguo. Mama alikuwa mzima. Alinitengea uji na kusema niendelee na safari, ila nimletee jibu.

Ijumaa, 14 Juni: Barabara ya kusini

Basi la Kilwa, 22,000. Ukivuka Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa 2003, upande wa bahari uko delta wenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote pwani hii. Mikoko ni ya mbao ngumu, na kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti mirefu. Vyumba vya nyumba za kale za mawe, kwetu na kwao, ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti. Jirani yangu safari hii, bibi wa Kilwa Kivinje aliyejifunga ushungi wa zambarau, aliniambia marehemu mumewe alikuwa akihesabu boriti kwa korija, yaani ishirini ishirini.

Somanga tulichelewa. Mafuriko yaliyokuja na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei yalikuwa yameikata barabara, na mwezi wa Juni magari yalikuwa bado yanapita polepole kwenye njia ya muda. Tulishuka, tukala samaki wa kukaanga kando ya barabara (4,000 na muhogo), tukasubiri zamu yetu. Nangurukuru nilifika wakati wa magharibi. Bibi yule alikataa nitafute gesti. "Mtoto wa kike, usiku, begi mgongoni? Twende kwangu." Nikamwambia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, nikamfuata Kivinje.

Jumamosi, 15 Juni: Kwa mipingo

Bodaboda ya siku nzima, 45,000, kwa njia ya mchanga hadi kijiji kimoja cha bara. Nilikuwa nimewasiliana mapema na mwenyekiti wa kijiji. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vina misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha utunzaji mzuri wa misitu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mti ukiuzwa, fedha inaingia kijijini.

Watu watatu wa kamati ya maliasili waliniongoza. Nilitarajia mti wa kutisha. Mpingo ni mti mdogo, umepinda, una miiba, mashina mawili matatu yanatoka chini pamoja. Ungepita bila kuutazama. Kisha mmoja akanionyesha tawi lililoanguka lililokatwa kwa panga: pembeni weupe wa njano, mwembamba, na ndani weusi wenye zambarau. Niliweka lenzi. Matundu yapo, lakini madogo na yamejaa. Huwezi kuyaona kwa jicho tupu. Miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ndiyo mbao ya klarineti na oboi, ala za kupuliza, duniani, kwa sababu ni nzito, ina mafuta, inachongeka kwa usahihi wa chuma, na pumzi yenye unyevu ya mpigaji haiivimbishi. Na ndiyo ya wachongaji wa Kimakonde.

Mninga tuliukuta mbele kidogo. Ulikuwa na matunda yake ya mviringo, katikati manyoya ya miiba, pembeni bawa kama ukingo wa kofia. Mzee wa kamati alikwangua gome kidogo kwa kucha ya panga, na utomvu mwekundu ukachuruzika kama damu. Akapaka udongo mahali palipokwanguliwa.

Hapo ndipo nilipopata jibu la Mama. "Sisi hatuulizi kama ni ngumu," mzee alisema. "Mkongo ni mgumu kuliko mninga. Mninga sifa yake umetulia." Mninga ukikauka hausinyai wala kuvimba sana. Mvua ya masika ikija, jua la Januari likija, mlango wake unabaki kwenye fremu yake. Kiini chake mchwa hawakipendi, bila dawa yoyote. Kenchi haihitaji utulivu huo. Inahitaji kuwa nyepesi, ndefu, iliyonyooka, na inayopokea msumari bila kutobolewa kwanza. Paa lote la mninga lingekuwa mzigo kwa kuta, na lingekula miti iliyosimama tangu kabla Mama hajazaliwa, kwa kazi ambayo mti wa miaka ishirini unaiweza.

Walinieleza pia juu ya moto. Moto wa mwisho wa kiangazi unaua miche ya mpingo na kuitoboa mikubwa, kwa hiyo kijiji kinachoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, ili moto mkubwa ukija ukose cha kula. Tulipita kwenye nyasi zilizokwisha kuungua, na kati yake vichipukizi vya mpingo, kijani, kama urefu wa goti langu. Nilipiga picha nyingi kuliko nilivyohitaji.

*Usiokote hata kijiti msituni. Kipande changu cha mpingo nilikinunua kwa mchongaji mwenye kibali, 10,000, na risiti. Kwenye geti la maliasili wakati wa kurudi nilikaguliwa. Risiti ilinipitisha kwa dakika mbili, huku jirani yangu aliyebeba mkaa bila hati akibaki nyuma.*

Jumapili, 16 Juni: Fundi wa mashua

Ufukweni Kivinje palikuwa na mashua imesimama mifupa. Fundi alinionyesha mkuku, mbao moja ndefu ya chini inayobeba chombo chote, kisha mataruma, yale mbavu. Taruma halipindwi, linatafutwa. Anakwenda na kiolezo cha waya kichwani akitazama matawi, hadi apate tawi lililojikunja lenyewe kama anavyotaka; nyuzi zinazofuata kona hazivunjiki kwa wimbi. Hiyo ni kazi ya miti ya maua yenye matawi mapana: mwembe, mfenesi, mkongo. Nikamuuliza kuhusu paina. "Kwa jukwaa la kukalia, kwa mlingoti mdogo, ndiyo. Ndani ya maji, hapana." Mapengo ya mbao anayaziba kwa kalafati, pamba iliyochovywa mafuta, akiigonga kwa patasi butu.

Jumatatu, 17 Juni: Idd, kisha nyumbani

Idd el-Hajj ilinikuta kwa bibi. Pilau ilitoka kwa majirani wanne, sahani nne tofauti, na kila moja nililazimishwa kuonja. Bibi hakupokea senti. Nilimwachia kilo mbili za sukari na ahadi ya kurudi.

*Mwenye kwenda dukani: gonga mbao mbili zenye ukubwa mmoja na uzipime mikononi. Tazama kichwa cha ubao, si ubavu tu. Kijani kiwe kimeingia ndani, kisiwe kimepakwa juu. Kwenye mninga kataa ubao wenye ukingo mweupe mpana, hapo dumuzi ndipo wanapoanzia. Na uliza risiti, ujue mti umetoka wapi.*

Safari nzima ilinigharimu shilingi 382,000, zawadi zikiwemo.

Mkuranga nilimwomba Mama ndoo ya maji. Nikaweka kipande cha paina kisicho na dawa, cha mkaratusi, cha mninga na cha mpingo, vyote ukubwa wa kiberiti kikubwa. Vitatu vikaelea. Cha mpingo kikaenda chini moja kwa moja, na watoto wa jirani wakapiga kelele wakataka kirudiwe. Mama alikirudia mara tatu, akakifuta kwa khanga, kisha akafungua ile karatasi ya fundi akamwambia aanze na milango miwili ya mninga, ya mbele na ya nyuma. Ya vyumbani itasubiri. Kenchi zinapandishwa Alhamisi. Kipande cha mpingo kinazuia mlango wa jikoni upepo wa kusi ukivuma.